Jirani anafungua lango usiku, mbwa wanatuzingira: tuwatilie sumu?

Mwezi huu barua za mbwa zimezidi za ng'ombe, mbuzi na kuku zikiwekwa pamoja. Nimechagua nne. Naanza na iliyo fupi kwa sababu haikuweza kusubiri gazeti litoke. Aliyeiandika nilimpigia simu siku ileile, lakini jibu lake nalichapa ili alisome na mwingine mwenye jeraha kama lake.

Mama Daktari, shikamoo. Siku tano zilizopita nilimtoa mtoto wa mbwa kwenye mtaro, akaning'ata kidole. Ni mbwa wa kurandaranda, hana mwenyewe. Damu ilitoka kidogo tu, nikapangusa kwa kitambaa nikaendelea na kazi. Huyo mbwa sijamwona tena. Niende hospitali, au nitakuwa najisumbua bure? – Fundi baiskeli

Marahaba, mwanangu. Nenda leo. Hata baiskeli uliyoishika iache.

Kwenye simu nilikuuliza jeraha liko wapi, ukanijibu ni ncha ya kidole tu, kana kwamba hapo ni mbali na uhai wako. Ncha ya kidole imejaa mishipa ya fahamu, na virusi vya kichaa cha mbwa hupita humohumo kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo aghalabu huchukua miezi miwili au mitatu. Wako waliougua baada ya wiki moja, na wako waliougua baada ya mwaka. Virusi vikiwa bado njiani, chanjo huwahi kuvizuia. Mgonjwa akishaanza kushtuka kwa maji na upepo, karibu hakuna anayepona.

Kabla ya kutoka nyumbani, osha kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, saa mkononi. Ndiyo, hata baada ya siku tano. Ukifika, sema waziwazi: nimeng'atwa na mbwa asiye na mwenyewe, damu ilitoka, mbwa hajulikani alipo. Maneno hayo yatamfanya mganga afikirie pia ile dawa ya kingamwili inayodungwa pembeni mwa jeraha lenyewe, mbali na chanjo. Atatazama vilevile habari ya pepopunda. Chanjo ina sindano zaidi ya moja, kwa siku zilizopangwa, na zote lazima uzipate. Na usidhani kwamba mbwa mdogo hana ugonjwa mkubwa. Watoto wa mbwa huugua na huambukiza.

Mama Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka 9 na 6. Nyumba ya nne kutoka kwetu kuna mbwa watatu wakubwa. Kila jioni mwenyewe huwafungulia lango "wakanyooshe miguu", na alfajiri unawakuta bado wako njiani. Wiki mbili zilizopita walimzingira binti yangu mkubwa akirudi nyumbani. Walimrarua begi, mwili hawakumgusa. Tangu siku hiyo anakojoa kitandani. Nilipomwendea jirani, akaniambia mbwa wake hawaumi, wanacheza. Sasa mume wangu na wanaume wengine watatu wamekubaliana kuwatilia sumu kwenye nyama. Moyo wangu unakataa, lakini sina jibu jingine la kuwapa. Nifanye nini? – Mama wawili

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nilipofika pale pa kitanda nilisita. Mtoto wa miaka 9 aliyezingirwa na mbwa watatu hakuwa kwenye mchezo.

Jirani yako pengine hakudanganyi. Anasema anachokiona: mbwa mmoja mmoja, ndani ya ua, mbele ya mkono unaowalisha. Wale waliokuwa njiani jioni ile yeye hajawahi kukutana nao. Mbwa watatu wakitoka pamoja usiku huwa kundi, na kundi lina tabia ambayo hakuna hata mmoja wao anayo akiwa peke yake. Wa kwanza akianza kukimbiza, wa pili na wa tatu hufuata bila kujua wanakimbiza nini, na chochote kinachokimbia mbele yao, awe paka, baiskeli au mtoto, huwaamshia uwindaji uleule. Zaidi ya hapo, mbwa anayekojolea nguzo na kuta za mtaa kila usiku huuhesabu mtaa wote kuwa ua wake. Kwa akili yake, binti yako ndiye aliyeingia kwa watu bila hodi. Watu husema mbwa abwekaye haumi. Mimi nina kovu la meno manne kwenye shavu la mguu wa kushoto, na aliyenipa alikuwa amenibwekea robo saa nzima.

Kwa hiyo hofu yenu ni ya haki, na mumeo hakosei kukasirika. Ila sumu hapana. Msomee haya kama nilivyoyaandika.

Nyama ya sumu haichagui mlaji. Nilipokuwa na miaka saba kazini niliitwa asubuhi kwenye mtaa ambako watu walikuwa wametega usiku. Mbwa mkali aliyekusudiwa alikuwa amefungwa usiku ule, kwa sababu mwenyewe alikuwa na wageni. Waliokufa ni paka wawili, kuku wa mjane mmoja, na mbwa mzee ambaye niliwahi kumchanja kwa mkono wangu na ambaye hakuwahi kumkaribia mtu kwa ubaya. Mbwa huyo alifika mikononi mwangu akiwa hai bado, mwili umekakamaa, na sikuwa na cha kumwokoa nacho. Tulizunguka vichochoro kutafuta vipande vilivyosalia. Kimoja tulikikuta kwenye baraza wanapochezea watoto. Hadi leo nikisikia wazo hilo naliona lile baraza. Huyo mdogo wako wa miaka 6, mama, bado yuko katika umri wa kuokota kitu chini.

Tena sumu haimalizi tatizo. Mwenye mbwa atachukua wengine, wachanga na wasiochanjwa, na lango litaendelea kufunguliwa. Wenye kupambana na kichaa cha mbwa wamejifunza hili kwa uchungu. Mwaka 1997 ugonjwa uliingia kisiwa cha Flores, Indonesia, ambako haukuwepo kabla. Mbwa wakauawa kwa wingi sana, na ugonjwa haukuondoka. Kisiwani Pemba njia ilikuwa nyingine: mbwa walichanjwa mwaka baada ya mwaka, na ugonjwa ukatoweka. Shirika la Afya Duniani hutaja kiwango cha asilimia 70: mbwa wa eneo wakichanjwa kufikia hapo, virusi hukosa njia ya kusambaa. Mkimuua mbwa mwenye chanjo mmebomoa sehemu ya ukuta unaowakinga wanenu. Shirika hilohilo hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na katika kila watu kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Ndiyo maana swali lako la kwanza kwa jirani lisiwe "kwa nini mbwa wako wakali", liwe "wamechanjwa lini, na cheti kiko wapi".

Mwenye kesi hapa ni lango na mkono unaolifungua. Nendeni huko.

Usiende peke yako tena, na mumeo asitangulie wakati bado ana hasira. Chukua mtu mzima mmoja ambaye jirani humheshimu. Nendeni mchana, siku isiyo na tukio. Bebeni lile begi. Mkiketi, liweke mezani kabla ya kusema neno, kisha mweleze habari ya binti yako, pamoja na kitanda, ikiwa mtoto ameridhia lisemwe. Nimehudhuria vikao vingi vya namna hii, na nimeona watu wakibisha kuhusu mbwa wao saa nzima, halafu wakanyamaza walipoonyeshwa nguo ya mtoto iliyochanika.

Halafu semeni mnachotaka, na kiwe kidogo kiasi cha kukumbukika: lango lifungwe saa zote, na mbwa akitoka atoke na kamba shingoni, imeshikwa na mtu mzima anayemmudu. Akisema anawaachia ili walinde nyumba, mwulizeni mbwa aliye uchochoroni saa tano usiku analinda nyumba gani. Lango liko wazi na walinzi wameondoka. Akisema wakifungiwa wanakuwa wakali zaidi, hapo ana hoja, msimpinge. Mbwa anayekaa kwenye mnyororo mfupi mchana kutwa huharibika kweli. Dawa yake ni kutembezwa, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, mmoja au wawili kwa wakati, na kuachiwa ndani ya ua uliozibwa vizuri. Muulizeni pia kama katika hao watatu kuna jike. Jike akiwa kwenye joto, kwa muda wa wiki tatu hivi, madume ya mbali hukusanyika, na siku hizo ndizo za mapigano na za watu kuumwa. Kufunga kizazi na kuhasi hupunguza sana uzururaji. Afisa mifugo au daktari wa wanyama atawaelekeza.

Wakati huohuo, leo hii, fungua daftari. Andika tarehe, saa, mahali, mbwa wangapi, rangi zao, walifanya nini, nani aliona. Piga picha ya lango likiwa wazi na mbwa wakiwa njiani, ukiwa mahali salama. Majirani wengine nao waandike. Jirani asipobadilika baada ya kikao, mwandikieni barua fupi ya onyo, mbaki na nakala, kisha pelekeni daftari na nakala hiyo kwa uongozi wa mtaa na kwa afisa mifugo. Wakimshambulia mtu tena, nendeni polisi siku hiyohiyo. Katika nchi nyingi mwenye mnyama hubeba dhamana ya madhara anayosababisha mnyama wake, na aliyekwisha kuonywa kwa maandishi hana pa kusemea kwamba hakujua. Hao wanaume wanne waliokuwa tayari kutega usiku, wapeni kazi hii. Watu wazima wanne wenye majina na sahihi zao si jambo dogo kwenye meza ya ofisi yoyote.

Jambo jingine nalipitia haraka: angalieni jalala la kona. Mbwa hukaa panapolika. Mabaki yakifunikwa, hata wale wasio na mwenyewe hupungua.

Nirudi kwa binti. Kwa sasa asipite njia ile peke yake jioni. Msimlazimishe kumshika mbwa yeyote "ili woga umtoke". Nimeona mtoto akiharibika zaidi kwa hilo. Usimkaripie kwa shuka zilizolowa, na mdogo wake asimcheke. Mwambie begi lake ndilo lililomwokoa, kwa sababu meno yalipata kitu kingine cha kushika, na mfundishe kuliweka mbele yake makusudi siku nyingine, au mwavuli, au hata daftari. Wiki zikipita na hali ikabaki hivyo, mpeleke kwa daktari wa watoto, umsimulie tukio lote.

Mama Daktari, heshima yako. Nina mbwa dume wa miaka minne, amechanjwa na cheti ninacho. Jumamosi alipenya chini ya lango akamng'ata mpita njia pajani. Nilimpeleka hospitali mwenyewe na nikalipa. Majirani wanataka mbwa auawe leo leo. Mke wangu analia, watoto wanalia. Hajawahi kumng'ata mtu. Wana haki? – Mwenye mbwa

Ndugu yangu, umefanya vema kumpeleka majeruhi mwenyewe. Wengi hufunga lango na kuzima taa.

Mbwa asiuawe leo, na sababu ambayo majirani wataielewa ni huyo aliyeumwa. Mbwa aliye hai, aliyefungiwa na kutazamwa kwa siku 10, ni ushahidi. Kama siku alipong'ata alikuwa na virusi kwenye mate, basi ndani ya siku hizo ataonyesha dalili au atakufa. Akibaki mzima hadi ya kumi, meno yale hayakupitisha kichaa cha mbwa. Mkimuua leo mnautupa uhakika huo, na akipigwa kichwani hata ubongo hauwezi kupimwa vizuri. Cheti chako kinasaidia sana, ila hakitoshi peke yake. Mwite daktari wa wanyama amwone mwanzo na mwisho wa hizo siku 10. Wewe tazama kila siku: anakula, anakunywa, anameza? Sauti imebadilika, taya limelegea, udenda unamwagika, anatafuna mawe au mbao, anayumba? Au amekuwa mpole ghafla na kujificha gizani? Hilo la mwisho watu hulipuuza, nalo ni dalili pia. Ukiona moja, usimguse, piga simu. Na majeruhi asisimamishe chanjo yake kwa sababu ya maneno yako au yangu. Hilo ataliamua daktari wake.

Baada ya siku 10 linabaki swali zito zaidi. Unasema hajawahi kumng'ata mtu. Sasa amemng'ata. Kaa chini ukumbuke bila kumtetea: mpita njia alimfanya nini kabla? Meno yaligusa yakaachia, au yalishika yakatikisa? Ulipomwita aliacha? Mbwa aliyegutushwa akauma mara moja na kuachia anaweza kuishi na watu, kwa lango zima, kamba fupi, na kifunga mdomo kila anapotoka. Mbwa anayemfuata mtu anayekwenda zake, akashika nyama na kukataa kuachia, nitakuwa nakudanganya nikisema mafunzo yatamaliza. Kwa mbwa wa namna hiyo nimewahi kushauri sindano ya kumlaza moja kwa moja, kwa mkono wa daktari, mwenyewe akiwa amemshika kichwa. Nilitoka pale nimenyong'onyea, na bado naamini ulikuwa uamuzi sahihi. Ukifika huko, usimwachie mtu wa rungu.

Ule mwanya chini ya lango umwagie zege. Mbwa mkubwa hupita mahali ambapo ungeapa hapiti. Kisha mwendee tena yule uliyemkuta na jeraha, umpe pole mkiwa wawili tu. Bili uliyoilipa haimwambii unavyojisikia.

Bibi Daktari, shikamoo. Nina miaka 11. Rafiki yangu anasema mbwa ananusa woga. Ni kweli? Na mbwa akija mbio, nisipokimbia si ataniuma? – Mwanafunzi

Marahaba, mjukuu wangu. Rafiki yako yuko karibu na ukweli. Mtu akiingiwa na hofu, jasho lake na pumzi yake hubadilika, na pua ya mbwa hulitambua badiliko hilo. Lakini zaidi ya kunusa, anautazama mwili wako. Kuogopa hakukatazwi. Mimi nimekaa na mbwa miaka 31 na bado wapo ninaowaogopa. Kinachokuponza ni kukimbia na kupiga kelele, kwa sababu mbio zako zinamwita, na hakuna mtoto wala mtu mzima anayemshinda mbwa kwa miguu.

Akija, simama kama mti. Miguu pamoja, mikono imeshuka na kubana mwilini, macho yatazame vidole vya miguu yako, yasitazame macho yake. Mpe ubavu, usimpe kifua. Mwache anuse, mbwa wengi huchoka na kitu kisichotikisika. Akitulia, rudi nyuma polepole, hatua moja moja, bila kumgeuzia mgongo. Kama una begi, liweke katikati yenu. Wakubwa watakwambia uiname uokote jiwe. Wapo mbwa wanaokimbia wakiona hivyo, lakini wengine huchokozeka, na ukiinama uso wako unakuwa mbele ya meno yake. Wewe usifanye. Ukianguka, jikunje uwe mviringo, magoti tumboni, ngumi nyuma ya shingo, viwiko vizibe masikio, na unyamaze. Ukishapona hapo, mwambie mtu mzima mara moja, hata kama ni mkwaruzo mdogo na hata kama wewe ndiye uliyeanza kumchokoza. Hakuna atakayekugombeza ukimwonyesha maandishi haya.

Na mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha, mpitie mbali hata kama ni wa nyumbani kwenu.

Leo jioni fanya mazoezi na huyo rafiki yako. Yeye awe mbwa, akuzunguke akinusa na kubweka, nawe usimame mti mpaka uhesabu ishirini kimoyomoyo. Kisha mbadilishane.